Gurudumu la Mjomba Idwal

Mjomba Idwal alikuwa seremala wa machimbo
kule Wales, milima ya kaskazini,
ambako jiwe jeusi hupasuliwa mabapa kama kurasa
na mvua haiombwi, huja yenyewe.
Mimi nilikuwa karani wa mizani, miaka kumi na saba,
kazi yangu kuandika uzito wa kila behewa
kabla halijaachiwa mteremkoni.

Mteremko ule ndio uliompa wazimu.
Mabehewa mawili, kebo moja, kapi kubwa kileleni:
lenye mawe likishuka, tupu linapanda.
Hakuna farasi, hakuna makaa, hakuna moshi,
breki tu, na mzee Hopcyn ameishika huku anakula jibini.
"Tazama, Tegwen," mjomba akaniambia,
"uzito unafanya kazi kutwa.
Nani anaulipa mshahara?"

Majira yote ya baridi alijifungia bandani.
Akachonga gurudumu la mwaloni, kimo cha mtu na nusu,
mikono kumi na miwili yenye bawaba,
na kwenye ncha ya kila mkono, tufe la risasi.
Upande wa kulia mkono hunyooka, tufe likaenda mbali;
upande wa kushoto hujikunja, tufe likabana kifuani.
Aliye mbali huvuta zaidi, alisema.
Kweli. Hata watoto kwenye bembea ya ubao wanajua.
Basi kulia kutashinda kushoto leo, kesho na milele,
maji yatatoka shimoni bila pampu ya mtu,
na kinanda cha kanisa kitajipulizia chenyewe.

Jumamosi moja ya Machi alituita.
Shangazi Lowri alikuja na unga mikononi.
Akalisukuma kwa kidole kimoja,
kama mtu anayegonga mlango wa bosi.

Ka. Ka. Ka. Mikono ikaanguka kwa zamu.
Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.
Wa tano ukasita,
ukarudi nyuma kidogo,
ukayumba.
Akapaka mafuta: mara nne na robo.
Akabadilisha bawaba: mara nne na nusu.
Akamlaumu mhunzi, akalaumu unyevu,
akamlaumu Lowri kwa kupumua.

Usiku nikarudi na mshumaa, uzi na daftari,
maana kuhesabu ndiko ninakokujua.
Kulia: matufe manne, yamenyooka.
Kushoto: matufe manane, yamejikunja.
Nikapima kila moja liko umbali gani na ekseli, nikajumlisha.
Kulia inchi mia na ishirini.
Kushoto inchi mia na ishirini.
Walio mbali ni wachache; walio karibu ni wengi.
Alikuwa amejenga mizani,
na mizani yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Na ile ka, ka, ka tuliyoishangilia?
Ilikuwa sauti ya sarafu zikidondoka mfuko uliotoboka.

Asubuhi nikamfungulia daftari juu ya mteremko.
"Tani elfu kumi na tisa, mwaka mmoja.
Zote zimeshuka. Ipi imepanda?"
Kimya. Hopcyn akaacha kutafuna.
"Mlima ndio unaolipa mshahara, mjomba.
Unalipa kwa mwili wake."

Mpanda ngazi hushuka, husema watu.
Hawakusema kushuka kutamrudisha juu.
Tufe lililoanguka kimo cha mtu
linadaiwa kimo cha mtu, kamili,
ulizungushe njia ya bawaba au ya kona,
na bawaba nayo inataka chake.

Hakunijibu siku ile, wala mwezi ule.
Mwaloni ukawa meza. Lowri alichukua matufe tisa
kukandamizia jibini; moja lilipotea.
Mawili yako kwenye saa ya ukutani, yananing'inia.
Hushuka polepole siku nane, na saa inatembea.
Kila Jumapili, kabla ya kanisa,
mjomba huingiza ufunguo na kuyapandisha,
mkono wake unatetemeka kidogo mwishoni,
na hanitazami.